Kwa nini hakuna kipimo cha damu cha skizofrenia? Uzi mrefu kutoka Mafinga, kaa na chai yako

mtu_wa_slaidi:

Kamwene wakuu. Huu uzi niliuahidi kitambo nikawa naukwepa, maana kila nikianza kuuandika najikuta naandika habari za nyumbani. Basi zitachanganyika humo humo, mtanivumilia.

Mi ni mtu wa maabara, niko hapa Mafinga, mwaka wa kumi na tano sasa nachungulia darubini. Mdogo wangu aliugua 2012, kamaliza form six anasubiri matokeo, kijana mpole, hesabu anapiga kuliko mimi. Akaanza kushinda barabarani, hii barabara kuu ya kwenda Tunduma, ana daftari anaandika namba za malori ya magogo. Sisi tukajua dogo kapata ishu ya udalali wa mbao. Kumbe zile namba zilikuwa zinamsemesha, kila lori linalopita limetumwa kwake alisome, na usiku halali, anajibizana na watu ambao sisi wengine hatuwasikii.

Sasa bi mkubwa ana swali moja ananiuliza kila nikifika nyumbani mpaka leo: "Wewe si ndo unapima damu za watu? Mpime mdogo wako hiyo kitu tuijue."

Na tulimpima. Zahanati ya kwanza malaria hamna, Widal ikasoma (Widal bana, hata ukimpima mlinzi wa getini inasoma), akala dozi ya taifodi wiki mbili huku anaendelea na malori yake. Ukoo ukaleta mganga, baadae wakapita lambalamba, wale wanaozunguka kutoa uchawi, wakachimbua pembe nyuma ya banda la nguruwe, hela ikatoka, miezi minane ikayeyuka. Mwisho nikamtoa damu mwenyewe. Sukari, HIV, kaswende, figo, ini, FBP (picha nzima ya damu), thairoidi nikaituma Mbeya. Yote safi. Sijawahi kuyachukia majibu mazuri kama siku ile.

Kwa hiyo uzi huu ni jibu la swali la bi mkubwa. Kama huu ugonjwa wa dogo, skizofrenia, ule wa kusikia sauti na kuona unafuatwa, ni wa kemikali, na kila mtu siku hizi anasema "ni dopamini hiyo" (kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo), mbona maabara hatuioni?

Tuanzie nyuma kidogo. Jina lenyewe skizofrenia lililetwa na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, mwaka 1908. Enzi hizo wodi za vichaa za Ulaya zilikuwa zimejaa watu wa kila aina na nyingi ya aina hizo leo hatuziiti kichaa kabisa. Kundi kubwa mle lilikuwa watu wa kaswende iliyopanda kichwani, mtu anajiona mfalme, anagawa mashamba ambayo hana. Mwaka 1905 Wajerumani wakamuona mdudu wa kaswende kwenye darubini, 1906 Wassermann akatoa kipimo cha damu, 1913 Noguchi na Moore wakamkuta mdudu yule yule ndani ya ubongo wa marehemu wa wodi hizo. Kazi ikaisha. Aina ile ikatoka kwenye ukichaa ikahamia kwenye magonjwa ya kuambukiza, na ilipokuja penisilini ikawa inatibika.

Ikafuata pelagra. Hii sisi walaji wa ugali tuiheshimu. Ukila mahindi matupu miezi na miezi bila maharage, nyama wala maziwa, unakosa niasini, ngozi inababuka shingoni na mikononi, unaharisha, alafu akili inaruka. Wamarekani wa kusini waliugua hii kwa maelfu, wakajua ni maambukizi, mpaka Joseph Goldberger akaonyesha ni chakula, na 1937 ikajulikana ni niasini. Nayo ikatoka.

Mmeona mchezo ulivyo? Skizofrenia ni kama gunia. Kila aina ya kichaa inayopatiwa kipimo inatolewa kwenye gunia inapewa jina lake na idara yake. Kinachobaki mle ndani ni kile ambacho bado hakijapata kipimo. Ukiuliza "kwa nini skizofrenia haina kipimo", nusu ya jibu ndo hiyo, zenye vipimo hatuziiti tena skizofrenia. Nusu nyingine ndo kemia yenyewe, nakuja, ngoja nile.

Dereva wa Magogo:

Dah mkuu pole sana na dogo. Mi napita hiyo njia kila wiki, isije kuwa aliandika na namba yangu. Endelea tupo.

mtu_wa_slaidi:

Nimerudi.

Watu wameitafuta hiyo kemikali moja mbaya kwa miaka mingi sana. Miaka ya 50 kule Kanada walikuwepo Abram Hoffer na Humphry Osmond, wao walisema mwili wa mgonjwa unaiharibu adrenalini inageuka kitu kinaitwa adrenokromu, kinachomfanya mtu aone maruweruwe kutoka ndani yake mwenyewe. Wakawa wanawapa watu niasini kwa dozi kubwa, vile vile kwa kuangalia pelagra. Wazo tamu, ila wengine walipolirudia halikusimama.

Ikaja stori ninayoipenda kuliko zote. 1962 Friedhoff na Van Winkle huko Marekani wakachukua mikojo ya wagonjwa wakaipitisha kwenye karatasi ya kutenganisha kemikali, likatokea doa la pinki ambalo kwa watu wazima wa akili hawakulipata. Basi dunia ya maabara ikachemka, kipimo kimepatikana! Mkojo tu! Wakaanza kurudia huku na huku. Wengine wanaliona, wengine hawalioni, wengine wanaliona kwa watu wazima kabisa. Wakaanza kuangalia chakula na dawa, na kufika 1970 kuna watafiti wakawa wanaiangalia chai ya kawaida, haya majani tunayokunywa, kwamba na yenyewe inaweza kuchangia doa la namna hiyo. Mi nilivyosoma hilo nilicheka peke yangu kama mwehu, maana mzee wetu alichuma chai Mufindi miaka thelathini, kwetu chai inanywewa kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka kulala. Ukipima doa la pinki Mufindi unafunga wilaya nzima.

Fundisho la maabara pale ni kwamba mgonjwa aliyelazwa anakula tofauti, anavuta sigara zaidi, anameza dawa, hatembei. Kemikali utakayoikuta kwake inaweza kuwa ni ya maisha ya wodini, na ugonjwa haumo kabisa.

Sasa dopamini. Hii ilikuja kwa mlango wa nyuma, hakuna mtu aliipima akaikuta imezidi. Dawa ilitangulia, maelezo yakafuata. Largactil, yaani klopromazini, ile CPZ mnayoijua, ilitengenezwa Ufaransa 1950 kutoka kwenye ukoo wa dawa za mzio. Daktari wa upasuaji wa jeshi, Henri Laborit, alikuwa anatafuta kitu cha kumtuliza mgonjwa kabla ya kisu, akaona watu wanakuwa watulivu ajabu bila kulala, yupo macho ila hajali. 1952 Jean Delay na Pierre Deniker pale Sainte-Anne, Paris, wakawapa wagonjwa wa akili. Watu waliokuwa wanafungwa kamba wakaanza kuongea kawaida. Kwa nini? Hakuna aliyejua.

Na upande wa pili ulikuwepo mzizi. Wahindi tangu zamani wana mmea wao wanaotumia kwa presha na kwa wenye wazimu, mwaka huo huo wa 52 wanakemia wa Uswisi wakatoa kemikali ndani yake inaitwa reseipini. Msweden Arvid Carlsson akawapa sungura reseipini wakalala kama magunia, masikio chini, hawatikisiki. Alafu akawachoma levodopa, ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini, dakika chache wakasimama wakaanza kuchangamka. 1957 hiyo. Hapo ndo ikajulikana dopamini ni mjumbe kamili kwenye ubongo, na jamaa akaja kupewa Nobel mwaka 2000. 1963 akasema dawa kama Largactil zinafanya kazi kwa kuziba masikio ya seli yanayompokea mjumbe huyu, yaani vipokezi, na katikati ya miaka ya 70 Philip Seeman wa Toronto na Solomon Snyder wa Marekani wakaonyesha kwamba dawa inayoshika vizuri kipokezi cha dopamini kinachoitwa D2 ndo hiyo inayohitaji miligramu chache kumtuliza mgonjwa. Haloperidoli inashika sana, unatoa miligramu tano. Largactil inashika kidogo, unatoa mamia.

Ongeza na hii, mtu mwenye akili timamu ukimpa amfetamini nyingi, dawa inayomwaga dopamini, anaanza kusikia sauti na kuona anafuatwa. Mgonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ambaye dopamini yake imeisha, ukimzidishia levodopa anaweza kuona maruweruwe. Vyote vinaelekea pale pale.

Ila mtu akikwambia "dopamini imezidi kichwani" amekupa nusu.

Kobe Mzee:

Mkuu hapo hapo nina swali. Kama ni dopamini si mpime dopamini kwenye damu yaishe? Mbona sukari mnapima.

mtu_wa_slaidi:

Swali zuri mkuu na ndo swali la bi mkubwa.

Dopamini iliyoko kwenye damu haihusiani na ya kichwani. Figo wanatengeneza, utumbo unatengeneza, tezi zilizo juu ya figo zinatengeneza. Na kati ya damu na ubongo kuna ukuta, dopamini haipiti. Mgonjwa mahututi presha imeshuka anaweza kuwekewa dripu ya dopamini ikapanda, na haanzi kuongea na malori. Ndo maana pia wa Parkinson hapewi dopamini yenyewe, anapewa levodopa ambayo ina kibali cha kupita ukuta. Kwa hiyo mi nikivuta damu ya mkononi natafuta kitu upande ambao hakipo.

Wenye mashine za PET wanaweza kuchungulia moja kwa moja, wanamchoma mtu levodopa yenye mionzi kidogo alafu wanaangalia inavyogeuzwa ubongoni. Na kweli wanakuta kwa wagonjwa wengi sehemu moja ya ndani ya ubongo inatengeneza na kuachia dopamini kuliko kawaida. Ila sio wote, na namba za wagonjwa na za wazima zinapandiana, huwezi kuchora mstari ukasema juu ya hapa mgonjwa chini ya hapa mzima. Sisi maabara bila huo mstari hatuna kipimo.

Alafu dopamini haizidi kichwa kizima. Waliokulia Mbarali kwenye mpunga wa kumwagilia wataelewa haraka. Mto mmoja, banio moja, mifereji minne. Mfereji wa kwanza unaenda sehemu inayoamua kipi cha maana na kipi upuuzi, na huo ndo umefurika. Wa pili unaenda mbele ya paji, kwenye mipango na hamu ya kufanya mambo, na wanasayansi wengi wanaona huo ndo umepungukiwa, ndo maana mgonjwa anakaa tu, haogi, hacheki, mnamuita mvivu. Wa tatu ni wa kuongoza misuli. Wa nne unazuia homoni ya maziwa. Dawa zetu nyingi zinafunga banio. Shamba lililofurika linakauka vizuri, sauti zinapungua, lakini na la misuli linakauka, mtu anatetemeka anakakamaa, na la homoni linakauka, dada hajazaa anatoka maziwa na hedhi inapotea. Na lile la mbele lililokuwa na kiu toka mwanzo halijasaidiwa hata tone.

Huo mfereji wa kwanza Shitij Kapur aliuelezea 2003 na mi nikamuona dogo moja kwa moja. Kazi ya dopamini pale ni kama mtu wa kupiga muhuri: hiki muhimu, hiki pita. Kwa mgonjwa muhuri unapiga ovyo. Namba ya lori, muhuri. Kikohozi cha jirani, muhuri. Ubongo sasa unabaki na vitu mia vimegongwa MUHIMU na lazima uvitungie stori, kwamba natafutwa, natumiwa ujumbe. Dawa inazuia mihuri mipya lakini stori iliyokwisha tungwa haifutiki siku moja, ndo maana unameza leo unaanza kupoa taratibu kwa wiki kadhaa. Dogo alikaa mwezi mzima kwenye dawa ndo akaniambia, "Kaka, malori bado yanaongea ila sa hivi sijali sana."

Mlanzi wa Njombe:

Mi naona mnazunguka tu. Kichaa Nyanda za Juu ni bangi na ulanzi. Period.

mtu_wa_slaidi:

Ulanzi mwachie mkuu, msimu wenyewe miezi michache. Pombe inaleta maruweruwe yake ndio, hasa mlevi akiikatisha ghafla, lakini huo ni ugonjwa mwingine.

Bangi ina kesi ya kujibu. Waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini Sweden, wakatoa majibu 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walikuja kupata skizofrenia kama mara sita ya wasiovuta. Kemikali ni THC, na yenyewe mwisho wa siku inachokoza dopamini. Lakini geuza shilingi: wavutaji wengi sana hawaugui, na wagonjwa wengi hawajavuta kabisa. Dogo hajawahi kushika hata sigara. Ndo maana nakasirika nikisikia mgonjwa anapigwa na ndugu zake "acha bangi zako" wakati hata hajui inanukaje. Kama kwenu kuna mgonjwa wa aina hii, wewe kijana mwenye miaka 16 kaa mbali na msuba, hapo sina mjadala.

Sasa kuna dawa nyingine inayonifikirisha kuliko bangi, na hii ipo kwenye kabati la kila chumba cha upasuaji wilayani. Ketamini, ya usingizi. Waliofanyiwa upasuaji hospitali zetu za huku wanaijua, unazinduka unaona dari linapumua, unajiona uko nje ya mwili, kuna mama alizinduka akawa anatuita malaika na tukampokea hivyo hivyo. Ketamini haimwagi dopamini kama amfetamini. Inaziba kipokezi kinaitwa NMDA cha mjumbe mwingine, glutameti, na huyu ndo mjumbe mkubwa wa kuamsha seli ubongo mzima. Dada yake ketamini, PCP, ilianza kutumika kwa usingizi miaka ya 50 huko Marekani ikaachwa kwa binadamu sababu watu walikuwa wanaamka wamechanganyikiwa. Wakaja kugundua amfetamini inaiga nusu ya skizofrenia, zile sauti na kufuatwa, lakini ketamini inaiga mpaka upande wa pili, kupooza hisia, mawazo kukatika katikati. 1994 walipowapa watu wenye afya zao dozi ndogo kwa hiari yao waliyaona yote hayo kwa muda mfupi yakaisha.

Kwa hiyo wengi sa hivi wanaona dopamini ni mafuriko ya bondeni. Mvua imenyesha mlimani, kwenye glutameti na kwenye seli za breki za GABA zinazotakiwa kuituliza.

Na hapa ndo gunia lilifunguka tena. 2007 Josep Dalmau na wenzake wakaelezea wagonjwa, wengi mabinti, wanaoanza kama wendawazimu kabisa, wanaona vitu, wanapiga kelele, baadae wanachezesha mdomo, wanapata degedege, wanazimia. Kinga yao ya mwili ilikuwa inashambulia kipokezi hicho hicho cha NMDA, na baadhi yao chanzo kilikuwa uvimbe kwenye ovari. Unapima maji ya uti wa mgongo, unaikuta antibodi, unatibu kinga, unatoa uvimbe, wengi wanapona. Fikiria ni mabinti wangapi kabla ya hapo waliombewa, walifungwa, walizikwa, na ugonjwa wao ulikuwa ni kinga yao wenyewe.

Hiyo aina sasa ina kipimo. Na mara hiyo hiyo haiitwi tena skizofrenia. Gunia likapungua.

Kobe Mzee:

Na kitimoto je? Kuna daktari alisema redioni kitimoto inaleta kichaa. Sisi wa Mbozi tutakula nini?

mtu_wa_slaidi:

Kula kitimoto chako mkuu ila kiive. Hapa watu huchanganya. Nyama yenye vile vitu vyeupe kama punje za mchele, ukiila mbichi mbichi unapata mnyoo tegu tumboni. Wa kichwani unampata kwa kula mayai ya huyo tegu, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu, mikono, maji, mboga mbichi. Yaani hata asiyekula nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kama jirani hana choo. Mabuu yake yakifika kwenye ubongo zaidi yanaleta kifafa, mara chache mtu anakuja na dalili za akili tupu. Huku kwetu kwenye nguruwe wa kuzurura, mtu mwenye kifafa kilichoanza ukubwani na akili imebadilika anahitaji picha ya kichwa. Nalo ni gunia hilo hilo, lina jina, lina dawa.

Mama K Uyole:

Samahani jamani nauliza. Kijana wangu alipata hii hali, na mjomba wangu alikuwa nayo. Upande wa mchumba wa binti yangu wamesikia wanasema ukoo wetu una vichaa hawataki tena. Ni kweli ni ya damu?

mtu_wa_slaidi:

Shikamoo mama. Pole kwa hilo, limetupata na sisi, dada yetu mkubwa alirudishiwa barua.

Kurithi kupo, siwezi kukuficha. Kwa mtu yeyote kule mtaani maisha yake yote uwezekano huwa unatajwa kama 1 kwa 100. Ukiwa na ndugu wa tumbo moja mwenye nao unapanda kwenye 9 au 10 kwa 100. Sasa waambie hao wakwe hivi, maana yake ndugu 90 kati ya 100 hawaugui. Na pacha wa kufanana kabisa, DNA moja, mmoja akiugua, mwenzie anaugua kati ya theluthi na nusu ya mara zote. Ingekuwa ni damu peke yake wangeugua wote.

Wala si jeni moja. Utafiti mkubwa wa 2022 ulihesabu sehemu 287 kwenye DNA, kila moja inasukuma kidogo sana. Nina uhakika hata ukoo wa hao wakwe wanazo nyingi.

Moja kati ya hizo inanihusu mimi wa maabara, inaitwa C4. Ni protini ya kinga, kwenye damu tunaijua kwenye magonjwa mengine. 2016 ikaonekana watu wenye namna fulani ya C4 inayotengenezwa kwa wingi hatari yao inapanda. Kinga ya damu inatafuta nini kwenye kichaa? Ngoja niwaeleze kwa Sao Hill, lile shamba la miti la huku kwetu. Ukipanda misonobari unapanda mingi, baadae inabidi kupunguzia, anapita mtu mwenye rangi anaweka alama kwenye miti ya kukatwa alafu wanafuata wenye misumeno. Ubongo wa kijana nao kati ya balehe na miaka ishirini na kitu unapunguzia, unakata viunganishi ambavyo havitumiki. C4 ndo huyo mwenye rangi. Akiwa na rangi nyingi anaweka alama mpaka kwenye miti mizuri, wanakuja seli za usafi wanakata, shamba linabaki jembamba. Irwin Feinberg aliwaza habari ya kupunguzia kupita kiasi toka 1982, kabla hata ya kujua mwenye rangi ni nani. Na inajibu lile swali la kwa nini ugonjwa unakuja form five, form six, jeshini, chuo mwaka wa kwanza, kipindi mzazi anasema sasa nimemaliza kulea.

Njaa nayo imo. Uholanzi majira ya baridi ya 1944 na 45 Wajerumani walizuia chakula, watoto waliotungwa mimba kipindi kibaya kabisa walikuja kuwa na hatari kama mara mbili. China njaa ya 1959 hadi 61 ikaonyesha vile vile. Kwa hiyo mama usikubali mtu akuwekee laana ya ukoo, kuna mambo yalikuwa yameshapangwa kabla mtoto hajazaliwa na hakuna wa kumlaumu.

Kijana anatumia nini?

Mama K Uyole:

Marahaba. Alikuwa anachomwa ile sindano ya kila mwezi. Shingo ikapinda, mate yanamtoka, anatembea kama mzee. Nikaogopa nikaacha kumpeleka, miezi mitatu sasa. Ameanza tena kufunga madirisha.

mtu_wa_slaidi:

Mama, mrudishe, na usisubiri Jumatatu. Ulichokiona ni ule mfereji wa tatu umekauka, sio sumu wala hajalogwa mara ya pili. Watafiti wa Toronto walipima kwa haloperidoli, dawa inaanza kusaidia ikishika kama asilimia 65 ya vile vipokezi vya D2, ikipita 78 hivi mwili unaanza kukaza. Nafasi katikati ni ndogo, ukizidishiwa kidogo tu shingo inapinda. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoandika hapa. Anaweza kupunguza dozi, kuongeza Artane (dawa ya kulegeza huko kukaza), au kumbadilishia dawa. Na madirisha kufungwa ndo dalili ya kurudi, ikiwahiwa inazimika haraka.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Dogo alipita Largactil, haloperidoli, sindano, akawa anakaa kama sanamu na sauti ziko pale pale. Mwisho akawekwa kwenye klozapini. Hii dawa ni kituko kwa wenye nadharia ya dopamini, inashika D2 kwa ulegevu lakini kwa wale walioshindikana inafanya kazi kuliko zote. 1988 John Kane aliwapa wagonjwa 268 ambao dawa zilikuwa zimegoma, wa klozapini asilimia 30 wakapata nafuu, wa Largactil 4. Inagusa vipokezi vingi, serotonini, asitilikolini, na mpaka leo watu wanabishana ni kipi hasa. Shida yake inaweza kuua chembe nyeupe za damu, Finland 1975 watu walikufa ikaondolewa sokoni miaka mingi. Ikarudi kwa sharti moja la kupima damu, kila wiki miezi ya mwanzo.

Na hapo wakuu ndo nikajikuta ninapima damu ya mdogo wangu kweli. Kila Jumanne. Naihesabu mwenyewe, mashine ikisoma nairudia kwa slaidi, maana siiamini mashine kwa mtu wangu.

Dereva wa Magogo:

Mkuu na hizo dawa mpya za Marekani nimeona wanatangaza?

mtu_wa_slaidi:

Ile iliyopitishwa Septemba 2024, ndio. Hiyo haigusi D2 kabisa, inaingilia kwa vipokezi vya asitilikolini, ndo ya kwanza ya skizofrenia kupitishwa isiyofanya kazi kwa kushika vipokezi vya dopamini, tangu enzi za Largactil. Kwa mfuko wa Mafinga tuiache kwanza.

Mama K Uyole:

Nimeongea na nesi, kesho asubuhi tunashuka rufaa. Asante mdogo wangu. Na mama yenu umemjibuje hilo swali la kipimo?

mtu_wa_slaidi:

Nilimuelezea yote haya mama, gunia, banio, miti ya Sao Hill, jioni moja tuko jikoni dogo anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, akauliza, "Kwa hiyo na huyu siku moja watamtoa kwenye gunia?" Nikamwambia inawezekana. Dogo bila kuinua kichwa akasema wakija kumtoa wapige hodi kwanza, na Jumanne nisisahau sindano zenye mdomo mwembamba, zile za wiki iliyopita ziliuma.